Uzoefu wangu na kampuni ya bwawa iliyosema "HOA tuachie sisi"

Natoa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za kuchimba na kujenga. Bwawa lenyewe ni zuri: vigae vimekaa sawasawa, maji hayavuji, na mafundi walikuwa watu wa heshima. Shida yangu ni ile huduma nyingine iliyoandikwa kwenye mkataba, ambayo wauzaji wa mabwawa huku Texas wanaipigia debe sana: kwamba wao watakuombea kibali cha HOA mpaka kitoke, wewe kazi yako ni kuchagua rangi ya vigae tu. Hiyo siipi hata nusu nyota.

Kwa mlioko nyumbani ambao hamjawahi kukutana na HOA, ni chama cha wamiliki wa nyumba za mtaa mmoja. Ukinunua nyumba humo umeshakuwa mwanachama, utake usitake, na ada utalipa. Kuna waraka wa masharti uliosajiliwa kaunti, nao unafuata kiwanja, kwa hiyo hata ukiuza, atakayenunua anaurithi. Rangi ya mlango, urefu wa nyasi, pipa la taka likae wapi, vyote vimo. Ukitaka kubadilisha chochote nje ya nyumba, unapeleka maombi kwa kamati ya usanifu. Mama yangu yuko Tanga. Nilipomweleza kwa simu alicheka mpaka akakohoa: "Yaani mwanangu, shimo la uani kwako mwenyewe unaliombea ruhusa kwa majirani? Huku hata mjumbe hana habari."

Na hicho si kibali cha serikali. Sisi tuko upande wa Katy, magharibi mwa Houston, nje ya mipaka ya jiji, kwa hiyo kibali cha ujenzi tunakipata kaunti. Kaunti inaweza kukubali na HOA ikakataa, au kinyume chake. Unahitaji vyote viwili mkononi kabla katapila halijagusa udongo.

Sasa hii kampuni (sitaitaja) ilipeleka nini kwa kamati? Baadaye niliomba nakala ya faili, nikalisoma lote. Kulikuwa na fomu ya maombi, kipeperushi cha pampu, na picha ya kompyuta ile ile waliyotuonyesha siku ya kutuuzia. Picha tamu sana: jua linazama, minazi miwili ambayo hatuna, maporomoko madogo ya maji, na mwanamke mwembamba ameshika glasi. Ukiitazama hujui bwawa liko futi ngapi kutoka mpaka wa jirani. Ramani ya kiwanja, ile ya mpima ardhi unayopewa pamoja na makaratasi ya kununua nyumba, haikuwemo kabisa. Nami nilikuwa nimewatumia.

Kamati ikakataa. Hapa ndipo nitasema jambo ambalo Watanzania wenzangu wa hapa Houston hawatapenda kulisikia, kwa sababu sote tunaitukana HOA asubuhi na jioni: ile barua ya kukataliwa ilinifaa kuliko kitu chochote nilichopewa na kampuni niliyoilipa. Si kwamba kamati ina huruma. Ni sheria. Tangu 1 Septemba 2021, kifungu cha 209.00505 cha Texas Property Code kinawataka wakikataa waandike, waeleze sababu kwa kina cha kutosha, na waseme ubadilishe nini ili wakubali. Lazima pia wakujulishe kwamba una haki ya kuomba kusikilizwa mbele ya bodi inayoongoza HOA ndani ya siku 30 tangu barua ilipotumwa, na ukiomba, bodi nayo ina siku 30 za kukusikiliza. Kifungu hicho hicho, ambacho kinahusu mitaa yenye viwanja zaidi ya 40, kinasema pia kwamba mjumbe wa bodi, mwenzi wake au mtu anayeishi naye hawezi kukaa kwenye kamati ya usanifu. Kwa hiyo wanaokukatalia si wale wale utakaokwenda kuwalalamikia.

Muuzaji wetu alituambia barua hizo ni "kawaida tu", tuache atume tena. Atume tena kitu gani? Faili lile lile?

Nilikaa na barua mezani, ramani ya kiwanja pembeni, na rula. Sababu ya kwanza ilionekana kwa macho. Nyuma ya kiwanja, sambamba na uzio, kuna mstari wa nukta nukta. Kati ya mstari huo na uzio ni ukanda wa huduma: kampuni za umeme, simu na maji zina haki ya kuingia na kuchimba hapo wakati wowote, na hutakiwi kujenga kitu cha kudumu. Kona ya bwawa letu, ile yenye ngazi, ilikuwa imeuvuka ule mstari. Hakuna kamati duniani ingepitisha hilo, na mchoraji wa kampuni angekuwa ameweka mchoro wake juu ya ramani halisi angeliona kabla ya chai ya saa nne.

Ya pili ni pampu, na hii naona watu wengi hawaifikirii. Walikuwa wameipanga ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha la chumba cha kulala cha mzee jirani. Nilimwendea mwenyewe na ramani mkononi. Kumbe hakuwa na neno na bwawa, alichoogopa ni mlio wa usiku. Tukaihamishia upande wa gereji, nyuma ya uzio mfupi ili isionekane barabarani, na kampuni ikakubali kufunga pampu ya kasi inayobadilika, ambayo ikizunguka polepole huisikii. Mzee aliniandikia mistari miwili kwamba hana pingamizi, nikaiambatisha. Kamati haikuiomba, lakini nina hakika ilisaidia.

Maji ya mvua ndiyo yaliyokuwa kiini. Ardhi ya huku ni tambarare, na udongo ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Viwanja vimechongwa ili maji yapite kwenye kijimfereji kati ya nyumba na nyumba hadi barabarani. Ukimwaga zege kuzunguka bwawa umeondoa nyasi zilizokuwa zikinywa sehemu ya hayo maji, na ukikiziba kijimfereji, yanakwenda kwa jirani. Sheria ya maji ya Texas inakukataza kugeuza mkondo wa maji ya mvua ukamharibia mwenzio. Halafu hapa Katy watu hawajasahau Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoleta mvua mpaka maji ya Barker, bwawa kubwa la kuzuia mafuriko, yakarudi nyuma na kuingia ndani ya nyumba. Mtu aliyeng'oa mazulia yake na kuyaanika barabarani hawezi kutazama mchoro wa bwawa usioonyesha maji yanaelekea wapi akasaini. Mimi pia nisingesaini. Mchoro mpya ulikuwa na mishale ya mteremko, mifereji ya kukusanya maji pembeni mwa zege, na bomba linalotoka mpaka barabarani. Mchoraji aliumaliza upesi mara tu alipoambiwa kinachotakiwa. Kwa hiyo uwezo walikuwa nao.

Mengine yalikuwa madogo: choo cha mafundi kisikae barabarani, saa za kazi, sampuli ya mawe. Nayapita.

Ila kuna moja la usalama. Nina watoto wawili wadogo, na huku Marekani kuzama ndiko kunakoongoza kwa vifo vya watoto wa mwaka 1 hadi 4. Uzio wetu wa mbao unatenga ua na barabara tu, hautengi mlango wa jikoni na maji. Nilitaka uzio wa wavu mweusi kuzunguka bwawa lenyewe, wenye geti linalojifunga lenyewe. Muuzaji akasema nisahau, HOA hawataki vitu vya kuharibu sura. Si kweli. Kifungu cha 202.022 cha sheria ile ile kinaikataza HOA kuzuia uzio wa bwawa unaokidhi masharti ya usalama ya jimbo au ya eneo, ikiwa hauzidi futi 6, haupandiki, na ni wa wavu unaopitisha macho au paneli angavu kwenye fremu za chuma. Wanaweza kusema habari ya rangi, lakini mweusi wa wavu hawawezi kuukataa. Niliutaja kwenye maombi kwa namba ya kifungu, na haukuulizwa hata swali.

Maombi ya pili niliyapakia mimi mwenyewe kwenye tovuti ya HOA, yakapita. Wakati tunasubiri, kampuni ilitaka kuanza kuchimba "ili tusipoteze nafasi kwenye ratiba". Mume wangu aliwakatalia palepale. Ukianza bila barua ya kibali, HOA wanaweza kukutoza faini na kukuamuru ufukie, na hasara ni yako, maana mkataba unasema jukumu la mwisho la vibali ni la mwenye nyumba. Ndiyo, pamoja na yale maneno yote ya "tuachie sisi". Kasomeni kipengele hicho kwenye wa kwenu, na kile kinachosema amana yenu inakuwaje HOA ikikataa kabisa.

Je, ningewaita tena? Kwa ujenzi, ndiyo. Lakini ningewaambia wanipe mchoro juu ya ramani ya mpima, na kupeleka nitapeleka mwenyewe.

HOA nayo ilishika amana yetu ya ujenzi mpaka mkaguzi wao alipokuja kupiga picha njia ya waenda kwa miguu, kuona kama malori yameivunja. Akaonyesha bamba moja lenye ufa. Tulikuwa na picha yake, yenye tarehe, iliyopigwa kabla lori la kwanza halijaingia. Hundi ilirudi kamili.