Mrejesho: ukumbi wa langalanga Kijitonyama, redio ya timu unaisikia yote

Wadau, kila Jumapili naona watu wanauliza langalanga, yaani Formula 1, inaangaliwa wapi hapa Dar bila kupigiwa muziki juu yake, basi leo naandika kirefu kidogo kuhusu ukumbi mmoja wa Kijitonyama, sio mbali na kituo cha daladala Makumbusho, ukishuka pale unatembea tu. Hauna bango, wenyeji wanauita kwa mzee wa magari, mwenyewe ni fundi mstaafu na ameomba jina lake lisizagae mitandaoni kwa hiyo nalihifadhi, ukifika uliza tu bodaboda watakuonyesha.

Nianze na sauti maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mjini kuna sehemu zina skrini kubwa kuliko ya hapa, viti vya ngozi, kiyoyozi kinapuliza hadi unajuta kuacha koti, lakini mbio zikianza wanazima sauti wanaweka amapiano. Sasa langalanga bila sauti unaangalia nini? Unaona gari mbili za rangi moja, ya mbele inapunguza kidogo kwenye mnyoofu, ya nyuma inapita, basi. Unadhani jamaa kazidiwa kumbe timu yake imemwambia kwa redio apishe, na ameshabishana na injinia wake raundi nzima kabla ya kukubali, na hayo mabishano ndiyo mbio yenyewe na wewe umeyakosa.

Hapa mzee amechomeka king'amuzi kwenye spika mbili kubwa zile za kukodisha kwenye harusi, na redio ya timu, yaani maongezi ya dereva na injinia wake, ikirushwa ukumbi mzima unanyamaza. Halafu kuna kijana wa kaunta anatafsiri papo hapo, anasimama pembeni ya skrini taulo begani, kidole kimoja sikioni kuzuia kelele, na anatoa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "anaambiwa arudishe nafasi... anauliza kwa nini... anasema sawa lakini hakubaliani". Hajawahi kusoma mambo ya utangazaji huyo dogo, ila natamani siku moja mtu wa redio amsikie.

Kitu cha pili ni ubao. Ukiingia tu mlangoni kuna ubao mweusi wa chaki, na haujaandikwa msimamo wa ubingwa kama ungetegemea, umeandikwa timu na madereva wake wawiliwawili, nani alimzidi mwenzake Jumamosi kwenye mazoezi ya kupanga nafasi za kuanzia, nani alimaliza mbele Jumapili. Mzee anasema ukishindwa na Verstappen wa Red Bull una pa kujitetea, utasema gari lake ni zuri kuliko langu, lakini mwenzako wa timu ana injini ileile, tairi zilezile, mafundi wa gereji moja, akikuacha nusu sekunde kila Jumamosi huna pa kujificha. Ndiyo maana anasema hawa madereva wawili wanaishi uke wenza, nyumba moja na kila mmoja anataka awe ndiye anayesikilizwa. Mimi nilikuwa naangalia langalanga miaka yote nikifuata nani kashinda tu, tangu nianze kukaa karibu na ule ubao naangalia vita tofauti kabisa, kuna mtu yuko nafasi ya 14 na vita yake ni ya moto kuliko ya kwanza maana aliye nafasi ya 13 ni mwenzake na mkataba unaisha mwisho wa mwaka.

Niwape mfano wa Monza kule Italia, Septemba 2025, kwa sababu siku ile nilikuwepo na bado inanikereketa. Timu ya McLaren walikuwa na Norris wa pili na Piastri wa tatu, Verstappen yuko mbele huko kashawaacha. Kawaida dereva wa mbele ndiye anaitwa kwanza kubadilisha tairi, ila siku ile wakamwita Piastri kwanza ili Leclerc wa Ferrari aliyekuwa nyuma asije akamruka, na Norris akakubali kwa ahadi kwamba Piastri hatampita kupitia hiyo njia. Sawa. Norris naye akaingia, tairi moja ikagoma, akasimama karibu sekunde 6 wakati kawaida ni 2 na ushee, akitoka Piastri kashapita. Hapo injinia akafungua redio akamwambia Piastri arudishe nafasi.

Dogo wa kaunta alipotafsiri ile sentensi ukumbi uligawanyika palepale, watu wamesimama, meza ya nyuma inapiga kelele asirudishe, meza ya mbele inasema ahadi ni ahadi. Piastri akajibu kwamba walishakubaliana kusimama vibaya ni sehemu ya mbio, haelewi kilichobadilika ni nini, lakini kama wanataka atafanya. Na akafanya. Norris wa pili, Piastri wa tatu.

Msimamo wangu sijaubadilisha hadi leo, Piastri alionewa. Ahadi ilikuwa asipite kwa kuwahi tairi mpya, sasa kilichompitisha ni fundi kushindwa kufunga tairi, na hiyo ni bahati mbaya ya Norris kama vile pancha au injini kufa, hakuna anayerudishiwa nafasi kwa sababu injini imekufa. Ila mzee akachukua chaki. Hii alifanya Desemba baada ya Abu Dhabi, mbio za mwisho, Norris bingwa kwa pointi 423, Verstappen 421, Piastri 410. Akaandika ubaoni: nafasi ya pili ni pointi 18, ya tatu ni 15. Akatoa 3 kwenye 423, ikabaki 420. Akapigia mstari. Yaani Piastri angekataa siku ile Monza na mengine yote yakabaki yalivyo, bingwa wa dunia angekuwa Verstappen kwa pointi moja! Ukumbi ulikaa kimya kwanza halafu kelele zikaanza upya, na mahesabu yale aliyaacha ubaoni hadi msimu mpya, anayeingia anasoma.

Na mle ndani nilichojifunza kikubwa ni kwamba timu yenyewe kwenye ile nafasi haikupata wala kupoteza kitu. Piastri awe mbele, Norris awe mbele, 18 na 15 ni 33 tu kwenye ubingwa wa timu. Anayeumia ni dereva, anayefaidika ni dereva, na anayeamua ni bosi wa timu, amekaa kwenye kiti pembeni ya njia kavaa hedifoni. Ukishaelewa hapo kila agizo la timu unalisikia tofauti.

Wazee wa pale wana kumbukumbu, hiyo nayo ni sehemu ya huduma japo haipo kwenye bei. Kaa karibu na meza ya dirishani, salimia vizuri, shikamoo yako itoe kabla hujauliza chochote, halafu taja Austria 2002 uone. Barrichello wa Ferrari ameongoza karibu mbio nzima, kwenye mita za mwisho kabisa anaambiwa ampishe mwenzake Schumacher, na ilikuwa mbio ya 6 tu ya msimu na Schumacher ameshashinda 4, hakuna aliyekuwa anamtishia! Watazamaji wakazomea, Schumacher mwenyewe akaona aibu akamsukuma Barrichello ngazi ya juu ya jukwaa, na Ferrari wakalimwa dola milioni 1 kwa lile la jukwaani, agizo lenyewe halikuwa kosa kwa sheria za wakati ule. Baada ya hapo maagizo yakapigwa marufuku, timu zikawa zinaongea kwa mafumbo, ndio tukafika Hockenheim 2010, Massa wa Ferrari anaongoza, mwenzake Fernando Alonso yuko nyuma yake, anaambiwa Fernando ana kasi kuliko wewe, umeelewa ujumbe? Kila mtu duniani alielewa, na Massa akapisha. Faini dola 100,000, na kuanzia 2011 marufuku yenyewe ikaondolewa kwa sababu haikuwa inazuia kitu.

Kuna mzee mmoja yeye hazungumzi kwa kelele, akianza Imola 1982 wote wanamwachia. Villeneuve na Pironi, wote Ferrari, ubao wa timu unasema punguzeni mwendo, Villeneuve anaelewa nafasi zibaki zilivyo, Pironi anampita raundi ya mwisho na kushinda. Villeneuve hakumsamehe. Siku 13 baadaye akafa kwenye mazoezi ya kupanga nafasi kule Zolder. Nikimsikia yule mzee ndipo naona kwa nini wanaosema hizi ni drama za redio tu wanakosea.

Na ipo ya upande mwingine, naipenda sana. Hungary 2017, Bottas anampisha Hamilton, mwenzake wa Mercedes, ili akajaribu kuwapita Ferrari wawili, anashindwa, na kona ya mwisho kabisa ya raundi ya mwisho Hamilton anapunguza anamrudishia nafasi ya 3 kama alivyoahidi, huku anapigania ubingwa na Vettel wa Ferrari. Na akaupata ubingwa. Siku ile wangezima sauti ungedhani Hamilton kaishiwa mafuta.

Haya turudi kwenye ukumbi. Kiingilio buku, na mbio za usiku ni buku jero. Chipsi mayai ni nzuri, sio zile zimelowa mafuta, kachumbari wanakata baada ya wewe kuagiza, mishikaki inachelewa kwa hiyo agiza kabla taa za kuanzisha mbio hazijazima. Soda na maji bei ya dukani. Bia hakuna na mzee hataki kusikia.

Matatizo yapo na nayasema kwa sababu napenda pale pabaki vizuri. Feni ni tatu kwa watu kama 60, Februari ni jasho tu. Choo ni kimoja na taa yake inajisikia siku ya kuwaka. Parkingi sahau, njoo kwa bajaji au daladala. Lakini kubwa kuliko yote ni siku Simba au Yanga wanapocheza saa kumi jioni na mbio za Ulaya nazo ni saa kumi jioni, hapo skrini kubwa inachukuliwa na mpira, langalanga inahamishiwa kwenye tivii ndogo ya chumba cha pembeni na spika ni ya mpira. Naelewa, mpira ndio unalipa kodi ya lile jengo, wapenda magari ni wachache. Lakini mzee wangu, kama unasoma hii, weka hata spika moja ndogo kwenye kile chumba, dogo akae nasi atutafsirie, tutachangia hata jero zaidi kila mmoja na hakuna atakayenung'unika. Mwaka jana kuna mbio nzuri kabisa tuliiangalia kule ndani bubu, tunasoma midomo ya mainjinia, inauma.

Umeme ukikatika jenereta linawaka haraka ila king'amuzi kinachukua muda kurudi, ukiwa na bando fungua simu uwasomee wenzako nani kaingia kubadilisha tairi.

Ratiba: mbio nyingi za Ulaya ni saa kumi jioni, Singapore saa tisa alasiri, São Paulo saa mbili usiku, na ile ya Las Vegas mwaka 2025 ilikuwa saa moja asubuhi Jumapili, mzee alifungua na kulikuwa na chai na maandazi ya moto, waliotoka misa ya kwanza wakapitia. Mwenye watoto aje nao tu, mazingira ni ya heshima. Viti vya mbele vinajaa nusu saa kabla, ila mimi ningekushauri kaa upande wa kushoto karibu na ubao, skrini unaiona kwa pembeni kidogo lakini dogo unamsikia kila neno.