Mfuko wa kujifungulia wa elfu 25: mimi nimeutumia porini, sio wodini

Wengi mnaujua, ule mfuko wa nailoni wenye zipu unaouzwa maduka ya dawa hapa Tabora mjini, mimba ikikaribia kufika unaununua unautia kwenye beseni pamoja na kanga zako unasubiri siku yako. Mimi niliuchukua mwezi wa kwanza kwa 25,000. Sa wanaousifia wengi waliukabidhi kwa nesi wakapanda kitandani, ndani kuna nini hata hawajui. Wa kwangu ulifunguliwa chini ya mninga na mama mmoja mtu mzima ambaye hajawahi kuuona maishani mwake, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Baba watoto ana mizinga ya nyuki huko ndani ukishapita Ipole kuelekea Koga. Nikamfuata siku mbili tu, zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika tarehe, najua najua, msinitukane, mama yangu ameshanitukana vya kutosha. Mimba ya tatu hii nyie, haikusubiri mtu. Saa nane mchana nasikia mgongo nikasema ni pikipiki ya jana, saa tisa chupa imepasuka. Tukapakizana watatu kwenye boda, mvua za Februari njia imekuwa uji, kila tukidunda nasikia mtoto anashuka, mwisho nikamwambia yule dereva dogo simama, hapa hapa.

Watu wakiniuliza wanaulizia fisi na simba. Aisee sikuona hata sungura. Kilichonitesa ni ndorobo, yani mbung'o, mana nilivaa kitenge cha bluu na wale wadudu wanapenda bluu na nyeusi balaa, yani uchungu unakuja huku unang'atwa pajani. Halafu matope, halafu mikono ya kila mtu iliyotoka kushika pikipiki. Mume akakimbia kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, lililokuwa jirani akarudi na mayu (mama wa huku kwetu) mmoja amebeba kijinga cha moto na dumu la maji, akawasha majani mabichi moshi ukatanda, ndorobo wakapungua. Huyo mama Mungu ampe maisha marefu.

Haya sasa mfuko wenyewe. Kitu cha maana kuliko vyote ni makintoshi, ule mpira wa kutandika chini, na nadhani ndio wa bei ndogo kuliko vyote mle. Bila ule mtoto wangu angetua kwenye tope. Kasabuni kapo, kadogo lakini kalitosha mayu kunawa mpaka viwiko. Glavu jozi mbili za mkono wa mwanaume, moja ilichanika wakati wa kuvaa. Pamba wamejaza kama wanauza godoro, sikuona kazi yake. Gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, poa.

Mtoto katoka haraka, analia, sawa. Kliniki nesi alitusisitiza mtoto akitoka kitu cha kwanza mkaushe umuweke kifuani ngozi kwa ngozi, kichwa ukifunike, kichanga kilicholowa kinapoa hata kama wewe unaona joto. Sa kwenye mfuko hamna kitambaa hata kimoja cha kumkaushia! Wanajua utabeba kanga, ndio, lakini kanga zangu zimelowa mvua. Mume akavua shati la ndani, dogo wa boda akatoa sweta lake, ndio nguo ya kwanza ya mwanangu hiyo, inanuka petroli.

Kitovu ndio kilinitoa nyota. Kibanio kimoja tu. Kitovu unabana sehemu mbili ndio unakata katikati, hospitali upande wa pili nesi ana vifaa vyake, sisi tutoe wapi? Mayu akasema atachana gozi afunge, sawa, ingewezekana. Ila tulivyotoa wembe pakiti yake ilikuwa imeachia upande mmoja, gamu imekauka, unaona kabisa hewa imeingia. Mayu anasema si mpya huo, kata. Nikakataa katakata. Pepopunda inaingilia hapo hapo, na nesi alishatuambia kama huna kifaa safi usikate, mtoto abaki kifuani na kitovu chake, usikivute, kondo likitoka lifungwe liende pamoja naye. Tukafanya hivyo. Nusu saa haijaisha kondo likatoka lenyewe, tukalitia kwenye mfuko ule ule wa zipu (kwa hiyo zipu ni imara, nawapa sifa) na mtoto tayari ananyonya. Mayu akawa ananisugua tumbo chini ya kitovu mpaka kizazi kikawa kigumu kama mpira, damu ikapungua. Hapo ndio niliogopa kweli, mana sindano ya kuzuia damu haimo mle na haiwezi kuwemo, ile inatunzwa kwenye friji na ni ya nesi.

Mtandao hamna. Dogo akapanda juu ya kichuguu, simu kainyoosha kama anaita mvua, ndio 115 ikapatikana, ile namba ya m-mama, ya usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, bure hata kama huna salio. Wakaelekeza gari. Sisi tukaanza kutoka na kenta iliyokuwa imebeba ndoo za asali, gari tukakutana nalo njiani. Mule kwenye kenta mzee mmoja kwa nia njema kabisa anataka kumpaka mtoto asali mdomoni, nikasema baba shikamoo ila hapana, chini ya mwaka mmoja asali haipewi, hata iwe ya Tabora. Alinuna mpaka tunashuka.

Kituoni nesi akakata kitovu na vifaa vyake, kilo 3.1, akaniuliza nani alikufundisha kutokata, nikamwambia mwenzio wa kliniki.

Kitu kingine, karatasi ya maelezo iliyomo ni ya glavu, Kiingereza na Kichina. Si wangeweka picha nne za kuonyesha hatua? Na tochi hamna, saa kumi jioni ilituokoa, ingekuwa usiku sijui.

Nimerudi dukani na ile pakiti ya wembe, muuzaji akaitazama akasema dada si mtoto mzima huyo? Akanipa mwingine bure. Nyota 3. Wifi yangu anatarajia mwezi wa sita, nimemnunulia mfuko huo huo ila nimeufungulia dukani nikakagua kila pakiti, nikaongeza kibanio cha pili, taulo mbili kwenye nailoni zisilowe na tochi ya kichwani. Vitenge vya bluu nimevikusanya vyote.