Uzoefu wangu na karabini ya M1 ya Plainfield, nakala ya kiraia iliyokwisha kutumika

Nilikuwa natafuta karabini ya M1, bunduki fupi na nyepesi ya jeshi la Marekani, ya kupigia shabaha, si ya kutundika ukutani, na ndiyo sababu nilinunua nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya raia badala ya ile iliyopita mikononi mwa askari. Katika duka nililonunulia hapa Ohio, kwenye rafu moja ilisimama Inland, yaani ya jeshi, ya mwaka 1944 yenye bei ya dola 1,450, na kando yake Plainfield, nakala ya kiraia, yenye bei ya dola 700. Nawaandikia wenzangu mnaoishi Marekani na mnaoruhusiwa kisheria kumiliki silaha, kwa kuwa wapo watakaowaambia kwamba nakala zote ni za kukimbiwa, na wapo watakaowaambia kwamba nakala ni sawasawa na asili. Kauli zote mbili zinampotosha mnunuzi. Bunduki ya namna hii hupimwa moja moja, kipande kwa kipande, na jina lililochongwa juu yake halitoshi kuwa ushahidi.

Jeshi la Marekani liliipitisha M1 mwaka 1941 kwa ajili ya madereva, wapiga mizinga, mafundi wa mawasiliano na wengine ambao Garand, bunduki kubwa ya kawaida ya askari, ingewalemea. Ikiwa haina risasi ina uzito wa kilo 2.4 hivi, urefu wake ni kama sentimita 90, na mtutu wake ni wa inchi 18. Zaidi ya milioni sita zilitengenezwa kabla vita havijaisha, tena na makampuni ambayo mengi hayakuwa ya silaha: Underwood waliokuwa wakitengeneza taipureta, Rock-Ola wa mashine za muziki, na IBM pia. Kwa vile kipuri cha kiwanda kimoja kililazimika kuingia katika bunduki ya kiwanda kingine, baada ya vita soko lilijaa vipuri vya ziada, na hapo ndipo makampuni ya kiraia yalipopata nafasi. Plainfield Machine ya New Jersey, ambayo baadaye ilichukuliwa na Iver Johnson, ilitengeneza mwili mpya, yaani fremu ya chuma inayoshika mtutu na kubeba vipuri vingine, na kuuvisha vipuri vya jeshi, kisha vipuri vilipoadimika ikatengeneza vyake kwa vipimo vile vile.

Hilo la vipimo ndilo swali la kwanza ninalomshauri mnunuzi aulize kuhusu nakala yoyote. Universal ya Florida, kwa mfano, ilibadilisha muundo katika bunduki zake za baadaye, ikaweka springi mbili za kurudisha bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) mahali pa moja, na vipuri vingi vya jeshi haviingii humo. Mwenye bunduki ya namna hiyo, kikivunjika kitu, hana budi kutafuta kipuri cha kampuni ambayo haipo tena. Plainfield yangu inapokea vipuri vya jeshi, nami nimethibitisha kwa kuvitia humo.

Nilimwomba muuzaji ruhusa ya kuifungua mezani. Alikubali bila kinyongo, na naamini muuzaji anayekataa jambo hilo anastahili kuagwa kwa heshima. Baada ya kuhakikisha chemba (mahali risasi hukaa nyuma ya mtutu) na magazini ni tupu, nililegeza skrubu ya mkanda wa mbele na kuinua mtutu kutoka kwenye mti wa bunduki. Ndani ya mti palikuwa safi, ila chini ya mtutu, mahali ambapo hewa haifiki, palikuwa na mstari mwembamba wa kutu ya juu juu ambayo ilitoka kwa kitambaa chenye mafuta bila kuacha shimo. Mti wenyewe ni wa kawaida, na kinga ya mkono ni ya bati lenye matundu badala ya mbao, jambo linaloonekana katika Plainfield nyingi. Hakuna pa kufungia singe. Anayetaka sura ya mwaka 1944 hataridhika, lakini hayo hayagusi upigaji.

Mwili ulinichukua muda mrefu zaidi. Wa jeshi ulifuliwa kisha ukachongwa, ilhali huu ni wa kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kusubu si aibu, mradi kazi iwe nzuri. Kinachotazamwa ni nyufa na ulaji mahali ambapo ndimi mbili za bolti hujifungia. Nilitumia tochi na kioo cha kukuza. Ulimi wa kulia ulikuwa unang'aa mahali pamoja, dalili ya kugusana vizuri kwa miaka, na hapakuwa na chuma kilichosukumwa au kukwaruzwa. Kisha nikatazama kidaraja kilichomo ndani ya mwili nyuma ya bolti, sehemu ambayo wanunuzi wengi hawaijui ingawa uhai wa mpigaji unaitegemea: pini inayogonga fataki, yaani kiwashio cha risasi, ina mkia, na mkia huo huzuiwa na kidaraja hicho usisogee mbele mpaka bolti iwe imejizungusha na kujifunga kabisa. Kikilika, au kikichongwa vibaya tangu kiwandani, risasi inaweza kulipuka kabla bolti haijafunga. Cha bunduki hii kingali na kona kali. Hata hivyo sikujitosheleza kwa macho yangu. Niliweka sharti kwamba fundi bunduki apime kwa geji nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi, naye alipopima aliikuta ndani ya kiwango.

Upande wa gesi una siri yake. Pistoni ya M1, iliyotokana na kazi ya David Marshall Williams, husafiri milimita chache tu, ikakigonga kitelezi kinachoifungua bolti, na safari yake ikaishia hapo. Imefungwa ndani ya kijumba kwa nati ambayo haikukusudiwa kufunguliwa mara kwa mara, na ndiyo maana jeshi lilisisitiza tangu mwanzo fataki zisizosababisha kutu. Kuijaribu ni rahisi mtutu ukiwa nje ya mti na kitelezi kimeondolewa: unainamisha mtutu mbele, kisha nyuma, na kusikiliza. Pistoni iliyo huru hutoa mlio mdogo wa chuma kila upande, tiki, tiki. Ya bunduki hii mwanzoni haikutoa mlio wowote, maana masizi ya miaka yalikuwa yameikamata. Tone la mafuta ya kuyeyusha masizi na subira vilitosha kuilegeza, na nati ikaonekana imekaza mahali pake. Muuzaji alipunguza dola 50 kwa sababu hiyo, nami nikaona ametenda haki.

Ndani ya mtutu mikato inayoizungusha risasi ilikuwa mikali na chemba haina madoa. Mdomo wa mtutu unahitaji kutazamwa kwa makini kuliko katika bunduki nyingi, kwa sababu karabini hii husafishwa kwa fimbo kutokea mbele, na fimbo ya chuma isiyoongozwa hula ukingo hadi risasi zianze kutawanyika. Huu ulikuwa na mng'ao kidogo upande mmoja, si zaidi. Nilijaribu pia kizuizi cha usalama: bunduki tupu, kizuizi kimefungwa, unavuta kifyatulio, unakiachia, kisha unafungua kizuizi, nyundo ikianguka wakati huo, bunduki irudishwe rafuni. Ya kwangu haikuanguka. Kizuizi chake ni cha kuzungusha, aina iliyokuja baadaye jeshini baada ya kuonekana kwamba kile cha kubonyeza kilikaa karibu mno na kitufe cha magazini, askari wakawa wanaangusha magazini kwa kudhani wanaondoa kizuizi.

Uwanjani, mwanzo haukuwa mzuri. Bolti ilikuwa haifungi mpaka mwisho katika risasi moja moja, na, kwa faraja yangu, kila ilipotokea hivyo pini haikugonga. Nilipoiweka springi ya zamani ya kurudisha bolti kando ya mpya juu ya meza, tofauti ya urefu ilionekana bila kupima: ya zamani ilikuwa imenywea na kupinda kama mzizi. Nilibadilisha springi ya kurudisha, springi ya nyundo, na ile ndogo ya kucha inayovuta ganda, zote za vipimo vya jeshi na kwa gharama isiyofika bei ya boksi moja la risasi. Nikaacha pia magazini ya risasi 30 iliyokuja nayo, kwa kuwa midomo yake ilikuwa imepanuka, nikachukua magazini mbili za risasi 15 zilizo imara. Tangu hapo haijakwama.

Kwa yadi 100, nikiwa nimeegemea mfuko wa mchanga na kutumia kilengeo chake cha chuma, risasi tano hukaa ndani ya inchi nne, na hicho ndicho kipimo ninachokitarajia kwa karabini nzima ya aina hii, ya jeshi au ya raia. Haisukumi bega kwa nguvu. Mke wangu, ambaye hapendi bunduki kubwa, huipiga kwa raha. Risasi yake ina kichwa cha greni 110 (gramu 7 hivi) kinachotoka kwa takriban futi 1,990 kwa sekunde, nguvu ya wastani ambayo uwanja wowote wa bunduki unaimudu.

Asiinunue mtu anayetafuta mali ya kupanda bei, kwani wakusanyaji hulipia mihuri ya jeshi, na hii haina. Wala asiinunue kwa ajili ya kulungu wa Ohio: bunduki za risasi zenye maganda yaliyonyooka zinazoruhusiwa kwa uwindaji huo huanzia kipenyo cha inchi .357, na hii ni ya .30.