Kompyuta ni yangu, ruhusa ya kuiwasha si yangu

Kwa uimara wa mwili na ubora wa kibodi, kompyuta mpakato hii iliyotumika, niliyoinunua katika duka moja la Kariakoo miezi kadhaa iliyopita, ningeisifu bila kusita. Kinachonikasirisha ni kwamba bayosi yake, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine, imefungwa kwa nywila ya msimamizi wa ofisi iliyoitumia awali huko Ulaya, na muuzaji hakunieleza.

Niliitaka kwa ajili ya Ubuntu, mfumo endeshi unaoweza kutumika badala ya Windows. Prosesa yake ni ya Intel kizazi cha saba, hivyo Windows 11 haiikubali, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nilipochomeka flashi yenye Ubuntu, mashine haikuisoma kabisa. Nilipofungua mipangilio ya bayosi, nikakuta mpangilio wa uwashaji, ruhusa ya kuwasha kwa flashi na hata Secure Boot (kinga ya uwashaji) vimefifia, havibadilishiki.

Nilirudi dukani. Kijana aliyeniuzia hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mzee, Windows imo na inawaka, sasa unataka nini tena?" Nilipomwonyesha tatizo, akasema mbele ya wateja wengine kwamba watu wa kuchezea mashine ndio wanaoziharibu. Kuchezea! Mtu aliyelipa fedha taslimu anaambiwa anachezea mali yake mwenyewe.

Siilaumu Secure Boot yenyewe. Kazi yake ni kukagua sahihi ya kidijitali ya programu ya kuwashia, na Ubuntu inayo sahihi inayokubalika. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft iliwataka watengenezaji wa kompyuta za Intel na AMD wamwachie mwenye mashine uwezo wa kuizima Secure Boot. Ilipofika Windows 10, mwaka 2015, sharti hilo likawa hiari. Hata hivyo, uwezo huo wa kuizima una faida gani ikiwa nywila imebaki kwa mtu nisiyemjua?

Fundi aliniambia kuwa kutoa betri ya ubao mama hakusaidii, kwa kuwa nywila imehifadhiwa kwenye chipu isiyosahau umeme ukikatika. Imebaki kuiandika upya chipu hiyo, au kubadilisha ubao mzima kwa gharama inayokaribia bei niliyonunulia.

Nilikusudia kuisifu mashine na kulikosoa duka kidogo tu. Sasa sifa hiyo naiondoa, kwa maana kibodi nzuri hainisaidii kuwasha ninachokitaka. Duka hilo silipendekezi kwa yeyote mpaka lianze kufungua bayosi mbele ya mnunuzi kabla ya kupokea fedha yake.