Ndege ya rimoti ya laki na themanini: nimeijaribu juu ya mashine ya kukimbilia

Wengi wakinunua ndege hii wanataka kujua inafika umbali gani na betri inadumu kiasi gani. Mimi niliinunua kumaliza ubishi, kwa hiyo msishangae nikizungumzia matairi kuliko mabawa.

Ni ndege ya sponji gumu, bawa hadi bawa inakaribia mita moja, propela iko puani, matairi mawili mbele na kigurudumu kimoja mkiani. Kariakoo wanaiuza Sh 180,000, ongeza gharama ya kuisafirisha kwa basi hadi Tanga. Jina la kampuni silitaji, maana boksi hilihili nimeliona na nembo tatu tofauti. Ndani unakuta rimoti, betri moja, propela ya akiba na chaja ya USB ambayo ina uvivu wa ajabu. Unaweza kuinjika maharage, yakaiva, ukala, na taa bado nyekundu.

Sasa ubishi wenyewe. Mimi ni fundi wa mashine za mazoezi, na kwenye gym moja ninayoihudumia kuna swali lisilokufa: ndege ikiwekwa juu ya mkanda unaorudi nyuma kwa kasi ileile ambayo ndege inakwenda mbele, itapaa au itabaki palepale? Kambi ya "haipai" inaongozwa na dereva wa fuso. "Fundi," ananiambia, "mtu anakimbia hapa saa nzima na hafiki hata mlangoni. Ndege nayo itazungusha matairi tu. Upepo wa kuinua mabawa itautoa wapi?"

Hapo kwenye upepo yuko sahihi. Hewa isipopita kwenye mabawa hakuna kupaa, hata matairi yazunguke mpaka yatoe moshi. Kinachomponza ni fuso lake. Kwenye gari injini inazungusha matairi, na matairi ndiyo yanayosukumana na barabara. Ndege haina shafti inayokwenda kwenye matairi. Propela inasukuma hewa nyuma, ndege inakwenda mbele, matairi yanafuata tu. Panda kwenye mashine ya kukimbilia, miguu yote miwili kwenye ule ubao wa pembeni usiotembea, halafu sukuma toroli ambalo gurudumu lake liko kwenye mkanda. Mkanda uende polepole au mbio, toroli litakwenda mbele, kwa sababu wewe unayelisukuma hukusimama juu ya mkanda.

Niliwaonyesha pia kwamba mwaka 2008 kipindi cha Marekani cha MythBusters kilijaribu jambo hili kwa ndege ya kweli, ndogo na nyepesi, juu ya turubai refu lililovutwa na pikapu kuelekea nyuma. Rubani mwenyewe hakutegemea kupaa. Akapaa. Jibu la gym likawa: "Hizo video zinatengenezwa." Ndipo nikatoa hela yangu.

Jaribio la kwanza ndilo ninalolipenda, ingawa watazamaji walipiga miayo. Nilifunga uzi puani mwa ndege, mwisho wa pili nikaufunga kwenye mizani ya ndoano ya kupimia mabegi, na mizani nikaifunga kwenye nguzo ya mbele ya mashine. Mota ya ndege imezimwa, mkanda unatembea. Kwa kilomita 4 kwa saa mizani ilisoma gramu 40 hivi. Nikapandisha hadi 8, namba haikubadilika. Kwa 14 ikawa inachezacheza kati ya 40 na 50. Yaani ukiongeza kasi ya mkanda, matairi yanazunguka haraka zaidi, lakini ndege haivutwi nyuma kwa nguvu ya maana zaidi. Nikageuza uzi nikaufunga mkiani, mizani nikaihamishia nyuma ya mashine, mkanda nikausimamisha, nikawasha propela hadi mwisho. Mizani ikavuka gramu 400. Mia nne kwa arobaini! Dereva akaichukua mizani akaigeuza huku na huku akitafuta nilikoichezea.

Kisha nikakata uzi, propela ikizunguka na mkanda ukiwa kwenye 14. Ndege ilichomoka mbele, ikajibamiza kwenye mto niliouegesha chini ya skrini, propela ikavunjika. Haikupaa, tusidanganyane. Mkanda wa mashine una kama mita moja na nusu, na ndege hii kwenye sakafu ngumu inahitaji mita nane hivi. Ila palepale haikubaki.

Kuna wajanja waliobadilisha swali: mkanda ulingane na kasi ya tairi, si ya ndege. Hilo swali linajinyonga lenyewe. Ndege ikisogea kidogo tu, tairi limeuzidi mkanda. Mkanda unaongeza, tairi linaongeza, na hakuna pa kukomea. Mashine ya hivyo siwezi kuiunda, na hakuna duka litakalokuuzia.

Kwa kupaa kwenyewe tulikwenda uwanja wa mpira asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka. Nilinunua mita 30 za ile nailoni nyeusi inayotandikwa chini ya zege, tukaitandaza, ncha moja tukaifunga kwenye bodaboda. Kwanza ndege ilipaa nailoni ikiwa imetulia, tukachomeka kigingi pale matairi yalipoachana na ardhi. Halafu bodaboda ikaivuta nailoni kwenda nyuma, nami nikafungulia propela wakati huohuo. Ndege ikapaa hatua moja hivi baada ya kigingi. Dereva wa fuso alikuwa ameshika kigingi cha pili, akakichomeka mwenyewe bila kusema neno.

Hatua hiyo moja ya ziada nadhani imetokana na mkwaruzo wa matairi kuongezeka kidogo, na hapa ndipo ninapoilaumu bidhaa. Matairi ni plastiki tupu juu ya waya, hakuna beringi wala bushi. Baada ya mashine ya kukimbilia, la kushoto lilianza kuyumba na kula waya. Tairi likikwama kabisa, mkanda utaivuta ndege nyuma kweli, na ubishi wote unaanza upya. Kwa ndege ya kweli hilo si la mchezo pia: Cessna 172, ile ndege ndogo ya injini moja, huinua pua kwenye kilomita 100 hivi kwa saa, kwa hiyo juu ya mkanda unaorudi kwa 100, matairi yake yatazunguka kwa 200. Ningemwita fundi wa matairi kabla ya rubani.

Angani inatulia vizuri, rimoti haikatikikatiki, na betri inakupa dakika kama kumi ukiendesha kwa adabu. Sponji likivunjika linakubali gundi ya kawaida ya mbao. Nunua propela za ziada siku hiyohiyo, na matairi ya sponji yenye kitovu cha chuma kama utayapata. Kwa mtoto mdogo hapana. Propela inakata kidole. Duka lina nyeupe na rangi ya chungwa. Chukua ya chungwa, nyeupe inapotelea mawinguni.