Uchocheaji wa ubongo kwa sumaku baada ya kiharusi: kipimo kizuri, kipeperushi kibovu

Kiharusi kiliuacha mkono wa kushoto wa mama yangu na kasoro moja inayomsumbua: kila anapounyoosha kufuata kikombe mezani, kiwiko hujikunja na vidole hufumba kabla havijafika. Tulilipia vipindi kumi vya uchocheaji wa ubongo kwa sumaku katika kituo kimoja binafsi cha utengamao, ambacho sitakitaja, na haya ni maoni yangu baada ya kuvimaliza.

Kilichonifurahisha zaidi ni kipimo cha siku ya kwanza. Mtaalamu alianza na upande wa ubongo ambao haukudhurika: alibandika elektrodi kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, akaweka koili yenye umbo la nane kichwani, na kwa kila pigo la sumaku kidole kikashtuka na wimbi la mwitikio wa msuli likapanda kwenye skrini. Kisha akatanguliza pigo dhaifu, ambalo peke yake halimtikisi mtu, milisekunde mbili au tatu kabla ya lile kubwa, na wimbi likanywea. Kipimo hiki kilielezwa na Kujirai na wenzake mwaka 1993, miaka minane baada ya Anthony Barker kuonyesha huko Sheffield kwamba ubongo unaweza kuchochewa kwa sumaku bila kufungua fuvu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba pigo dhaifu huziamsha kwanza seli za neva zizuiazo, ambazo humwaga kemikali iitwayo GABA na kuzituliza seli zinazopeleka amri kwenye uti wa mgongo. Koili ilipohamishiwa upande uliodhurika, wimbi la mkono wa kushoto lilikuwa dogo tangu mwanzo, na pigo la utangulizi halikulipunguza.

“Mwanangu, kumbe mkono wenyewe hauna breki,” mama akasema. Mtaalamu alimwambia kwa upole kwamba kukunjika kwa kiwiko kuna sababu nyingine pia, zikiwemo njia za neva zinazoshuka kutoka shina la ubongo, nami nilimheshimu kwa kutoridhika na jibu jepesi.

Ndiyo maana kipeperushi chao kilinikera, kwa kuwa kinaahidi “kuuamsha ubongo uliolala”, kana kwamba kuzuia ni usingizi tu. Takriban seli moja kati ya kila tano za gamba la ubongo ni ya kuzuia, na kazi yake haiishii kwenye kuzima. Zipo zinazobana mwili wa seli jirani, zipo zinazobana matawi yake, na zipo zinazowazuia wazuiaji wenzao. Hata dhana kwamba seli hizi huushikilia mkono kama komeo mpaka wakati wa kuunyoosha ufike imetiliwa shaka: Matthew Kaufman na wenzake wa Stanford, waliporekodi seli za nyani waliokuwa wakijiandaa kunyoosha mkono, hawakuona seli zilizodhaniwa kuwa za kuzuia zikiongeza kasi ya kutoa ishara kama komeo lingehitaji.

Tiba yenyewe ilikuwa pigo moja kwa kila sekunde, kwa dakika 20, kwenye upande wa ubongo ambao haukudhurika. Nyuzi zinazovuka kutoka upande huo huweza kuziamsha seli zizuiazo za upande wa pili, hivyo hufikiriwa kwamba ukiutuliza upande huo, upande uliodhurika hupumua. Nadharia hii inabishaniwa, na mtaalamu alikiri hivyo nilipomuuliza; kipeperushi hakisemi.

Malalamiko yangu ni mawili. Walituuliza kuhusu vyuma mwilini na historia ya kifafa, jambo jema, lakini hakuna aliyeuliza kuhusu dawa hadi kipindi cha tatu, ilhali mama hutumia dawa ya usingizi ya kundi linaloongeza nguvu za GABA, na dawa hizo hubadilisha kipimo nilichokisifu hapo juu. La pili ni zito zaidi: mara nne mtaalamu wa mazoezi hakuwepo, na mama akatoka kwenye mashine moja kwa moja hadi kwenye teksi bila kunyoosha mkono hata mara moja.

Sasa anakifikia kikombe kilicho karibu na ukingo wa meza, cha katikati bado, na siwezi kusema ni sumaku au ni mazoezi. Kipimo ningekilipia tena. Mashine bila mazoezi papo hapo, hapana. Tumelipia vipindi sita vya mazoezi pekee, na kikombe tumekisogeza mbele nusu shubiri.