Boksi linasema watu sita, kijitabu kinatosha wawili

Sikukuu iliyopita tulijaa sebuleni kwangu, nikasema leo hakuna TV, nimenunua boksi la mafumbo ya kutoroka chumba, yale ya kutafuta namba za makufuli kabla saa moja haijaisha. Boksi limeandikwa watu 2 mpaka 6. Nafungua, ndani kijitabu kimoja, chembamba, maandishi ya kijivu juu ya picha nyeusi. Wifi kakishika, mimi nachungulia begani kwake, wengine wote ni "kimeandikwaje? hebu geuza huku basi!" Dakika ya ishirini shemeji yuko kwenye simu, watoto wameshahamia kwenye mishikaki, tukamaliza wawili kama tunafanya mtihani.

Tangu siku hiyo sijali tena hadithi ni ya mazimwi au ya wizi, wala ugumu wake. Nauliza kitu kimoja tu, aliyekaa upande wa pili wa meza anaona nini? Hicho ndo wauzaji hawakwambii, na wanaosifia hawakigusi kwa sababu wengi wanacheza wawili wawili. Sisi huku ukisema mchezo, na jirani kaja.

Kwangu namba moja ni Unlock!, ya Space Cowboys wa Ufaransa, na sifichi kwamba naipendelea. Ni kadi peke yake, zinatandazwa mezani kama karata, huyu kashika ufunguo, yule kashika sanduku, tuseme kadi moja ina namba nyekundu 11 na nyingine ya bluu 35, mnajumlisha mnaitafuta kadi ya 46. Mtoto akiona namba iliyojificha kwenye pembe ya picha anapiga kelele nyumba nzima inasikia, hapo ndo utamu ulipo. Boksi kubwa lina hadithi tatu na hukati kitu, ukimaliza unampa dada yako. Inataka apu kwenye simu ya kuhesabu muda, kwa hiyo chaji mapema, usije ukanilaumu.

Ya pili Escape Room: The Game ya Waholanzi. Ina kidude cha plastiki kinachohesabu dakika 60 na mnakichomekea funguo nne za jibu, mkikosea mnakatwa muda. Hata aliyekaa kwenye mkeka anafuatilia. Kununua betri ni juu yako.

Exit ya Kosmos, Wajerumani, mafumbo yake ndo makali kuliko yote, nakubali, mwaka 2017 ilibeba Kennerspiel des Jahres, tuzo kubwa ya michezo kule kwao. Lakini kijitabu ni kimoja! Na mnakata, mnakunja, mnachora, ikiisha imeisha. Nunua kama ni wewe na mume wako watoto wakishalala, siyo kwa ukoo.

Za bei ya chini, Deckscape ya Waitaliano inatosha, haichanwi wala haitaki apu. Zile za kuprinti mwenyewe steshenari wino wa rangi utakumaliza, achana nazo.

Sasa bei jamani. Exit moja Ulaya ni euro kumi na kitu, hapa Dar kuna muuzaji kaniambia 140,000, tena baada ya "njoo inboksi" mara tatu, kama vile bei ni siri ya ndoa. Nikamwambia kaka hiyo inazidi nauli ya basi ya kwenda Mwanza, akasema basi anayo nyingine ya 95,000, used, imechezwa mara moja tu, safi kabisa.

Mara moja! Nikamuuliza, kadi zimekatwa?

"Kidogo tu dada."